Barua ya Wazi kwa Uongozi wa Supamaketi Yetu: Kupotea Kwetu Kusihesabiwe Kuwa Faida

Kwa Meneja Mkuu,
na kupitia kwako, Bodi ya Wakurugenzi.

YAH: MPANGILIO MPYA WA DUKA NA MALALAMIKO YASIYOJIBIWA

Ndugu Meneja Mkuu,

Salamu kwako na kwa wote unaoliongoza nao duka hili. Jambo hili lingefaa kumalizwa ofisini, na huko ndiko tulikoanzia. Karatasi zetu zimo kwenye sanduku la maoni. Tumepiga simu huduma kwa wateja. Tumeandika barua pepe, zikajibiwa na kompyuta iliyotushukuru na kutuhakikishia kuwa maoni yetu yanathaminiwa. Wengine walimfuata msimamizi wa zamu, naye kwa ustaarabu wake akawaeleza jambo ambalo ninyi hamkutueleza: ramani ya rafu hutoka makao makuu ikiwa imekamilika, yeye kazi yake ni kuitekeleza. Basi namwandikia anayeichora. Na kwa kuwa tumebisha milango yote ya ndani, naandika hadharani.

Kilichotokea mnakifahamu. Duka lilifungwa mapema, likafunguliwa kesho yake likiwa duka jingine ndani ya kuta zilezile. Sukari na chumvi, zilizokuwa jirani, sasa zimetenganishwa na safu kadhaa. Nepi ziko upande mmoja wa jengo, sabuni ya mtoto upande wa pili. Vibao vya juu vilivyotaja bidhaa za kila safu vimeondolewa, na mahali pake zimetundikwa picha za watu wanaotabasamu. Ukiingia unapokewa na meza za ofa zilizokatiza njia, na hakuna safu hata moja inayokupeleka moja kwa moja hadi kwa keshia.

Nimesikiliza sana watu wanasemaje, maana siku hizi ndani ya duka lenu wasiojuana wanaongea kama ndugu: "Samahani, betri umeziona wapi?" (Huenda hilo ndilo jema kubwa lililoletwa na mabadiliko haya, na nina hakika halikuwemo kwenye mpango.) Ni haki kusema kwamba wapo waliofurahi. Sehemu ya matunda ina nafasi na mwanga kuliko zamani, na wanaopenda kuzungukazunguka madukani jioni wanasema duka limekuwa la kisasa. Lakini hao si wengi. Kuna wanaosimama katikati ya safu, orodha mkononi, macho juu, wakitafuta kibao kisichokuwepo. Kuna wanaozunguka, wakazunguka tena, kisha wakaliacha toroli likiwa nusu karibu na friji na kutoka. Kuna wazee ambao sasa hawaji peke yao. Na kuna walionyamaza, ambao hamtawaona kwenye malalamiko yoyote kwa sababu wamekwisha kuhamia duka jingine.

Sidai duka lisiguswe. Bidhaa mpya huja, friji huchakaa, nyaya za umeme huhitaji kubadilishwa, na hakuna mteja mwenye hati ya kumiliki rafu. Ninacholalamikia ni namna mlivyolifanya jambo hili, na zaidi ya hapo, hesabu mnayoitumia kulihalalisha. Naweka hoja zangu kwa nambari ili atakayejibu asiseme hakuzielewa.

1. Mlitupa kazi, kisha mkatunyang'anya nyenzo zake.

Zamani mnunuzi alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, muuzaji akamletea. Mwaka 1916, mjini Memphis, Marekani, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly na kuupindua utaratibu huo: mteja apite getini, ajichukulie mwenyewe, alipe mwishoni. Mwaka uliofuata alipewa hataza ya mpangilio wake, na mpangilio huo ulimpitisha mteja mbele ya bidhaa zote kabla hajamfikia keshia. Toroli lilikuja baadaye, mwaka 1937, pale Sylvan Goldman wa Oklahoma City alipoona kwamba mteja huacha kununua kikapu kinapomlemea.

Kwa hiyo kupanga duka ili mteja atembee zaidi si uvumbuzi wenu. Ni jambo lenye umri wa zaidi ya miaka mia moja, na halitushangazi. Linalosahauliwa ni kwamba tangu siku ile kazi ya karani ni yetu. Sisi ndio tunaotafuta, tunaopakia, tunaosukuma, na sasa kwenye mashine za kujilipia hata kuskani ni sisi. Hatulipwi, wala hatukudai malipo, kwa kuwa tulipata uhuru wa kuchagua na bei nafuu. Lakini karani yeyote hujua kitu kiko wapi. Ujuzi huo tuliujenga wenyewe kwa kurudi na kurudi. Orodha zetu tunaziandika kwa kufuata safu zenu. Mtoto anatumwa kwa kuambiwa "safu ya pili, rafu ya chini." Mwenye haraka anachukua vitu vyake vitano bila kuinua kichwa. Mmeufuta ujuzi huo kwa usiku mmoja, bila hata tangazo mlangoni. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Ila sisi tupo hapo dukani kila siku, mngetuuliza tu.

2. Mauzo mnayojivunia yanahesabu kupotea kwetu.

Hiki ndicho kiini cha barua yangu, na naomba kisomwe polepole.

Jibu pekee tulilowahi kupata kwa mdomo ni kwamba mauzo yamepanda tangu mabadiliko, kwa hiyo wateja wamependa. Hoja hiyo inaonekana nzito mpaka uichunguze. Mwaka 1989 watafiti C. Whan Park, Easwar Iyer na Daniel Smith walichapisha, katika jarida la Journal of Consumer Research, utafiti kuhusu wanunuzi wa vyakula: wanafanyaje wanapolijua duka na wasipolijua, wanapokuwa na muda na wanapobanwa. Asiyelijua duka na asiye na haraka ndiye aliyenunua zaidi vitu asivyovikusudia, kwa kuwa hana ramani kichwani na macho ndiyo yanayomwongoza. Mwenye haraka alishindwa mara nyingi zaidi kununua alichokikusudia.

Sasa uchukue matokeo hayo uyaweke kando ya taarifa yenu ya mauzo. Kwa kuhamisha kila kitu kwa mkupuo, mmetugeuza sote, hata tulionunua kwenu tangu mlipofungua, kuwa wageni. Tulio na muda tumenunua tusivyovihitaji. Tusio na muda tumeondoka bila tulivyovihitaji. Na mashine ya keshia huona nusu moja tu ya habari hiyo. Hurekodi biskuti nilizokutana nazo nikitafuta chumvi. Chumvi niliyoikosa hairekodi.

Hatari haiishii hapo. Chumvi isiyoonekana haiuzwi, na kisichouzwa kompyuta itasema hakihitajiki, kisha kitapunguziwa nafasi kwenye rafu, na hapo ndipo kitakapozidi kutoonekana. Mtakuwa mnaamini mnafuata matakwa ya wateja, kumbe mnafuata makosa ya ramani yenu wenyewe.

Isitoshe, ongezeko la namna hii halina miguu mirefu. Mteja hujifunza upya, hata kwa kunung'unika, na akishajifunza, biskuti za bahati mbaya hupungua. Siku hiyo atatokea mtu kwenye kikao chenu na kupendekeza kila kitu kihamishwe tena. Ndiyo maana naandika sasa.

Muziki nao umebadilika, na tumeusikia. Ronald Milliman alionyesha mwaka 1982 kwamba muziki wa taratibu hupunguza mwendo wa wanunuzi, na katika supamaketi aliyoipima mauzo yalikuwa juu kwa takriban asilimia 38 kuliko muziki ulipokuwa wa kasi. Sina ugomvi na muziki. Baadhi ya nyimbo ni nzuri. Lakini rafu za kunipoteza pamoja na wimbo wa kunichelewesha, hapo nahesabiwa hela zangu zikiwa bado mfukoni.

3. Wasioona, wenye viti vya magurudumu na wazee mmewafungia mlango.

Meza za ofa zimebana njia kiasi kwamba matoroli mawili hayapishani. Mwenye kiti cha magurudumu akiifikia meza hulazimika kurudi kinyumenyume, maana hana pa kugeuzia. Nchini Marekani viwango vya ufikikaji vinataka njia isipungue inchi 36, yaani takriban sentimita 91, na hicho ni kipimo cha mtu mmoja kupita, si cha wawili kupishana. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, katika ibara ya 9 unazitaka nchi wanachama zihakikishe kwamba hata taasisi binafsi zinazotoa huduma kwa umma zinazingatia ufikikaji katika nyanja zake zote. Ninyi mnatoa huduma kwa umma. Sioni pa kujitoa.

Upana hata hivyo ni nusu ya jambo. Asiyeona hulijua duka kwa hatua na kwa ngozi: hatua kadhaa kutoka mlangoni, kona, ubaridi wa friji upande wa kulia, harufu ya mkate, kisha rafu ya usawa wa kiuno. Ubaridi ule kwake ni kibao. Mlipohamisha friji, mkate na rafu kwa pamoja, hamkumwachia hata alama moja ya kuanzia. Mtu aliyekuwa akinunua peke yake sasa anasimama mlangoni kusubiri mhudumu amshike mkono, kama mhudumu yupo.

Vivyo hivyo kwa mtu ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka. Mazoea ndiyo yanayomwezesha kuendelea kuishi kwake na kujinunulia mahitaji yake, na duka analolijua ni sehemu ya mazoea hayo. Wengi wetu tutaudhika kwa wiki chache kisha tutazoea. Yeye hatazoea. Kwake mmeondoa kitu ambacho hakitarudi, na hasara hiyo haina mahali pa kuandikwa kwenye vitabu vyenu.

Kama hoja ya haki haiwatoshi, chukueni ya biashara. Paco Underhill, Mmarekani aliyejipatia jina kwa kuwatazama wanunuzi wakiwa ndani ya maduka, aliona kwamba mtu anayeinama kuchagua bidhaa, hasa mwanamke, akiguswaguswa kwa nyuma na wapitao huiacha bidhaa na kuondoka. Meza zenu za ofa zinafukuza watu mbele ya ofa zenyewe.

4. Peremende zimewekwa usawa wa macho ya watoto.

Zimewekwa mlangoni, kwenye ncha za safu, na mahali ambapo mzazi amenasa kwenye foleni hawezi kusogea. Huko England, tangu tarehe 1 Oktoba 2022, maduka yenye eneo la futi za mraba 2,000 na kuendelea, yakiwa ya kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi, yamezuiwa kuweka sehemu hizo hizo aina zilizotajwa za vyakula na vinywaji vyenye mafuta, sukari au chumvi nyingi. Hakuna haja ya kungoja sheria ili kulifanya jambo hili.

5. Wahudumu wenu wanabeba lawama isiyo yao.

Wao ndio wanaofokewa kwa uamuzi ambao hawakuufanya. Wengi hawakuelekezwa; nao wanatafuta kama sisi, ila wao wanatafuta huku wakiwa wamevaa fulana yenye maneno "Niulize Mimi." Wateja wenzangu mnaowatolea maneno makali, acheni. Anayestahili kuulizwa nimemwandikia.

Najua yatakayosemwa. La kwanza ni kwamba watu watazoea. Kweli, wengi watazoea, kwa gharama ya muda wao ambao hakuna aliyewalipa, na kwa wale wa hoja ya tatu jibu hilo halina maana.

La pili ni kwamba maziwa na vitu vya baridi lazima viwe nyuma kwa sababu friji hujazwa kutoka chumba cha baridi kilicho nyuma ya ukuta. Hili nalikubali bila kinyongo. Ni sababu ya kweli, na maziwa yasiyokaa juani njiani ni faida yetu pia. Lakini sababu hiyo haielezi kwa nini hakuna njia iliyonyooka ya kuyafikia, wala kwa nini chumvi, isiyohitaji ubaridi wowote, imefichwa. Na mngetuambia mapema, mngeshangaa jinsi wateja wanavyoelewa wakielezwa.

La tatu ni programu ya simu yenye ramani. Nimeiona. Inafungua kwa ofa, inaendelea kwa ofa, na ramani iko chini kabisa. Hata ingekuwa nzuri, duka lisilotembeleka bila simu yenye chaji si duka lililopangwa vizuri.

La nne ndilo zito, na nalileta mwenyewe kabla hamjalileta. Mtasema wateja husema hivi na kutenda vile. Mko sahihi, na mfano upo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Walmart ilipunguza bidhaa na kuondoa marundo ya ofa katikati ya njia. Wateja waliohojiwa walisifu maduka safi. Mauzo yakashuka, na kufikia mwaka 2011 kampuni ilikuwa ikirudisha maelfu ya bidhaa pamoja na marundo yenyewe. Kwa hiyo sisemi mfuate kila tunachotamka. Nasema kampuni kubwa kuliko yenu ilipoona imekosea, ilirudi nyuma mbele ya macho ya watu wote na haikufa kwa aibu. Tena ilirudi kwa sababu ilipima kilichokosekana, jambo ambalo ninyi bado hamjalifanya.

Tunachoomba ni hiki.

Vibao vya juu virudi wiki hii, kwa maandishi makubwa yanayosomeka kutoka mwisho wa safu. Picha za wanaotabasamu zinaweza kubaki ukutani. Mlangoni pawekwe ramani ya karatasi na mtu mmoja wa kuelekeza, angalau mpaka mwisho wa mwezi.

Meza za ofa zitoke njiani. Kabla ya kuchora ramani nyingine, mwaalikeni mtu anayetumia kiti cha magurudumu na mtu asiyeona walitembelee duka pamoja na mchoraji wenu, na mwalipe kwa muda wao kama mnavyomlipa mshauri mwingine yeyote.

Bidhaa za msingi, zile ambazo kila nyumba hununua, zipewe mahali pa kudumu. Nyingine zihamisheni mnavyotaka, ila sehemu moja moja, na kwa tangazo la wiki mbili kabla. Sehemu moja ya kulipia iwe haina peremende, kwa ajili ya wenye watoto.

Na keshia aulize kila mteja: "Kuna kitu umekikosa?" Jibu liandikwe. Mwisho wa mwezi orodha ya vilivyokosekana ibandikwe ukutani kando ya hizo takwimu za mauzo, tuzisome zote mbili pamoja. Ombi hili kwangu ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo la bei rahisi kuliko yote. Mkilikataa, mtakuwa mmetuambia kwamba mnajua orodha hiyo itasema nini.

Tunangoja majibu ndani ya siku 30. Yasipokuja, kila mmoja wetu atajiamulia pa kupeleka orodha yake, na wapo ambao uamuzi huo wamekwisha kuufanya. Tafadhali majibu hayo yawe ya maandishi, yajibu nambari kwa nambari, na yasainiwe na mtu mwenye jina na cheo. Barua pepe ya kompyuta tunayo tayari.

Kwa heshima,

Mteja wenu wa miaka mingi, kwa niaba yangu na ya wenzangu waliosoma barua hii na kukubali itolewe

Nakala: Msimamizi wa zamu, ambaye hana kosa